Kosiweki ya uandishi bila maksi: mkataba, "imefika/bado" au maoni matupu? Naomba uzoefu wenu

Kalamu_ya_Ligula
Wadau wa kusini kuchele, habari za jioni. Mimi nafundisha uandishi mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Mtwara mjini, wanafunzi 140 darasa moja, wengi wametoka shule za kata za Newala, Tandahimba, Liwale huko, na kuandika Kiingereza kwa uzito huu ndo wanakutana nako kwa mara ya kwanza. Semista ijayo nataka niache kutoa maksi kwenye insha. UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, siigusi, huo si wangu peke yangu, nazungumzia kosiweki tu, yaani kazi za ndani ya semista.

Kilichonifikisha hapa ni siku moja narudisha insha. Kuna binti nilimjazia peni nyekundu pembeni kote, paragrafu yake ya tatu ilikuwa na hoja nzuri mno, kwamba kijijini kwao ada inalipwa kwa kalenda ya minada ya korosho sio kalenda ya shule, ila kaizika katikati ya maneno ya kukariri, nikamwandikia "insha yako ni hii, anzia hapa". Kapokea, kafunua ukurasa wa mwisho moja kwa moja, kaona 11/20, kamuuliza jirani "we umepata ngapi", kaikunja mara nne kaingiza kwenye mkoba. Hakusoma hata neno moja. Insha iliyofuata kaanza na yale yale ya "since the ancient times". Nilisikia uchungu, maana ile hoja ilikuwa yake kweli na amepita bila kujua kuwa anayo.

Nimesoma soma nikaona njia tatu. Kwanza mkataba: mnakubaliana mwanzo wa semista kwamba ukifanya kazi zote, ukahudhuria, ukarekebisha rasimu, gredi fulani ni yako. Peter Elbow na Jane Danielewicz, walimu wa uandishi wa Marekani, waliandika habari hii 2009, kwao kazi inakuhakikishia B, ukitaka zaidi ya B hapo ubora ndo unaangaliwa. Mwenzao wa huko huko Asao Inoue kaenda mbele zaidi, kwake kazi uliyoifanya inaamua mpaka A, hoja yake ni kwamba ukipima "Kiingereza safi" unampa zawadi aliyezaliwa nyumba yenye hicho Kiingereza. Hapo mimi nilisimama kidogo nikawawaza hawa wa kwangu. Pili ni ile ya Linda Nilson, naye wa Marekani, unaandika vigezo wazi, kazi inasomwa inakuwa imefika au bado, ikiwa bado unairudia, na kila mtu anapewa nafasi chache za kurudia au kuchelewa azitumie anavyojua. Tatu maoni tu, bila namba kabisa, na mwanafunzi anajitathmini mwenyewe mwisho.

Nani amejaribu? Nini kiliwashinda?

Nahodha_wa_Lindi
Mkuu nakuelewa ila mimi nimekaa ofisi ya mitihani miaka kadhaa, nikwambie ukweli, mfumo wa matokeo hauna sehemu ya kuandika "bado". Unaweka namba, 40 ya kosiweki na 60 ya UE, basi. Na anakuja mtahini wa nje anataka kuona karatasi na maksi zilivyopatikana, ukimwambia tulikubaliana kwa mkataba sijui kama utalala. Af ukiwapa darasa zima 34 ya kosiweki halafu UE wapate 20, swali la kwanza linakuja kwako sio kwao.

Mama_Tuma
Nahodha kasema kweli lakini isiwe sababu ya kuacha. Mimi nilijaribu mkataba na darasa la diploma, walikuwa 38 tu, nieleze nilichokiona.

Kilichonifurahisha, waliandika. Yaani waliandika sana. Kijana ambaye semista ya nyuma alikuwa ananiletea nusu ukurasa alikuwa anajaza kurasa mbili tatu kwa sababu hofu ya kukatwa kila "was" na "were" ilitoka, na ukishakuwa na kurasa tatu za mtu unaweza kumfundisha, nusu ukurasa utamfundisha nini?

Kilichonishinda ni kwamba nilihesabu masaa. Nilisema kila wiki masaa matano ya kuandika, mnajaza kwenye fomu. Nikawa na mama mmoja ana mtoto mchanga, anakaa Chikongola kwa dada yake, na kijana mwingine usiku anashinda kwenye mashua na baba yake Mikindani. Hawa wawili akili wanayo ila masaa hawana. Mkataba niliouweka ili kumsaidia mnyonge ukawa unambana mnyonge. Baadaye ndo nikaja kuona hata huko Marekani wamelalamika hivyo hivyo, Ellen Carillo aliandika 2021 kwamba kupima kwa jasho kunawaumiza wenye ulemavu, wagonjwa, wenye majukumu. Nikabadilisha katikati ya semista nikahesabu kazi zilizokamilika sio masaa, ikatulia.

Kwa hiyo mdogo wangu kama utachukua mkataba usiweke masaa. Nakuomba sana hilo.

Dogo_Nachingwea
Shikamooni walimu. Mimi mwanafunzi mwaka wa pili niseme upande wetu. Ticha mmoja alitufanyia hiyo ya tatu, maoni bila namba semista nzima. Kusema ukweli wiki za mwanzo nilipenda, nilikuwa nasoma maoni yote. Ila ikifika wiki ya kumi nikawa silali, sijui kama niko salama au nasapu (narudia mtihani), mkopo wangu unategemea nifaulu, nyumbani wameuza mbuzi nije huku, na nikimfuata ananiambia "unaendelea vizuri". Vizuri ni ngapi? Mwisho nikapata B+ lakini ile hofu sitaki tena.

Msituache gizani tu, hilo ndo ombi langu. Hata kama hakuna maksi mtu ajue leo yuko wapi na kimebaki nini.

Mama_Tuma
Marahaba mwanangu. Hili ulilosema ni kubwa kuliko tulivyosema sisi wote.

Mzee_wa_Mikindani
Nimestaafu ualimu lakini nawasoma. Nyie mnaita njia mpya, sisi tuliosoma chuo cha Kurani hapa pwani tumekulia humo. Mwalimu alikuwa hatoi saba juu ya kumi. Unasoma mbele yake, ukikosea anakurudisha palepale, kesho unakuja tena na sura ileile, mwenzako yuko mbele wewe uko nyuma wala hakuna aliyeandikiwa kafeli. Siku umeimudu unavuka. Na kila mtoto alijua yuko wapi, ukimuuliza njiani umefika sura gani anakujibu bila kusita, kwa hiyo huyo kijana wa Nachingwea analolitaka lilikuwepo.

Ila na udhaifu niuseme. Wapo waliokaa palepale mwaka mzima wakakata tamaa wakaacha, maana hapakuwa na mtu wa kukaa nao pembeni kuwaonyesha wanakwama wapi. Kurudia tu hakumfundishi mtu. Mwalimu awe na dakika zake kwa yule anayerudia.

Ghalani_Masasi
Mimi sio mwalimu, niko ghala la korosho. Mzigo ukija na unyevu hatuupi sifuri, tunamwambia mkulima rudisha ukaanike, ukikauka lete. Na anajua kabla hajatoka nyumbani tunaangalia nini. Naona hiyo ya pili ya imefika/bado ndo hiyo hiyo.

Kalamu_ya_Ligula
Ghalani asante sana, huo mfano naingia nao darasani maana nusu yao wameanika korosho kwao.

Mzee shikamoo. Nimelichukua hilo la dakika, na ndo linaniumiza kichwa nikikaa na kalamu kupiga hesabu. Wanafunzi 140, insha moja kuisoma na kuandika maoni ya maana ni dakika 6, hiyo ni dakika 840, masaa 14 kwa kila kazi. Maoni matupu kwa idadi hii naona hayawezekani bila kudanganya, utaishia kuandika "good, improve" kwa kila mtu. Hata chuo kikuu cha California pale Santa Cruz walianza 1965 na tathmini za maelezo badala ya gredi, chuo kilivyokua mwanzoni mwa miaka ya 2000 gredi zikawa lazima. Evergreen jimbo la Washington wao wanaandika maelezo mpaka leo, lakini chuo chote kimejengwa hivyo, mimi nina darasa moja na fimbo ya chaki.

Ya vigezo naona dakika 3 kwa insha, masaa 7, tuseme 60 wanarudia, hao nawapa dakika 3 tena, masaa mengine 3. Jumla 10. Hayo manne yaliyobaki kwenye yale 14 nakaa chini ya mwembe na wale waliokwama wawili wawili, kama Mzee alivyosema.

Nahodha_wa_Lindi
Sawa sasa namba inatoka wapi?

Kalamu_ya_Ligula
Kazi 6, kila moja 5, jumla 30, halafu test moja ya darasani 10. Arobaini imetimia. Kazi ikifika unapata 5 zote, haijafika hamna kitu mpaka uirudishe. Nafasi za kurudia ni tatu kwa semista nzima. Na ukutani pale idarani nabandika karatasi kwa namba za usajili, kila mtu anaona kazi ngapi zimefika, Dogo hiyo ni kwa ajili yako.

Nahodha_wa_Lindi
Hapo mkuu umerudi kwenye maksi zilezile, umezipa jina lingine tu. 5 au 0 tena ni kali kuliko 11/20, yule binti wako alipata nusu na zaidi, kwako sasa anapata sifuri.

Kalamu_ya_Ligula
Hili limenikalisha macho jana, nikujibu kwa moyo wote. Ni kweli mwisho inakuwa namba, sina namna. Lakini 11 inamwambia imekwisha, pita. "Bado" inamwambia rudi, na ili arudi lazima asome nilichoandika, hana njia nyingine. Ruth Butler alifanya utafiti kwa watoto wa shule Israel 1988, waliopewa maoni peke yake wakafanya vizuri kazi iliyofuata, waliopewa maoni pamoja na maksi hawakusogea, sawasawa na waliopewa maksi tupu. Yaani namba ikikaa jirani na maneno inayala maneno. Mimi sihitaji utafiti nimeona kwa macho karatasi ikikunjwa mara nne, ila nilifarijika kujua sio kwangu tu.

Na ile sifuri haikai. Inakaa wiki moja.

Mama_Tuma
Naungana naye, na Nahodha nikukumbushe kitu ambacho wote tunakifanya tayari. Risachi ya mwaka wa mwisho. Mwanafunzi anakuletea sura ya kwanza unamwandikia rekebisha, anarudi, rekebisha tena, mara nne mara tano na humpi maksi hata moja njiani, na ndo kazi wanayojifunza kuandika kuliko zote chuoni. Mtahini wa nje hajawahi kulalamika. Tunawasubirisha miaka mitatu kabla ya kuwafundisha vizuri kwa nini?

Tahadhari yangu moja kwenye vigezo. Usiandike "grama iwe sahihi" kama kigezo cha kufika, utakuwa umeirudisha peni nyekundu kwa mlango wa nyuma na hoja ya Inoue imepotea. Andika mfano "msomaji anaielewa kila sentensi bila kurudia". Makosa yanayozuia maana yarudishwe, yasiyozuia mwoneshe mawili tu, yasimzuie kuvuka.

Dogo_Nachingwea
Na ChatGPT je? Ukweli wapo watakaorudisha kazi imefika mara ya kwanza na hawajaandika neno.

Kalamu_ya_Ligula
Rasimu ya kwanza inaandikwa darasani kwa mkono, dakika 50, nazikusanya, nazirudisha na maoni, ndo anaenda kuandika ya pili. Ya pili ikija haina undugu na ya kwanza tunakaa tunaongea. Simshitaki mtu, namuuliza tu hii hoja uliitoa wapi.

Mzee_wa_Mikindani
Hizo nafasi tatu za kurudia ni chache kwa aliyetoka mbali. Muongezee anayekuja kukaa nawe chini ya huo mwembe, akija nafasi hiyo isihesabiwe.

Kalamu_ya_Ligula
Nimekubali Mzee, naandika hivyo. Nahodha nakuomba kitu, kabla semista haijaanza nitaleta hicho kikaratasi cha vigezo ofisini kwa mkuu wa idara apitishe na kusaini, we nisaidie kuangalia kimekaaje kwa macho ya mitihani.

Nahodha_wa_Lindi
Tuma. Weka na mfano wa insha moja iliyofika na moja ambayo bado, mtahini akija aone tofauti kwa macho yake. Na wanafunzi wapewe hizo hizo mbili siku ya kwanza.

Kalamu_ya_Ligula
Ya "bado" nishaipata. Nimemuomba yule binti ruhusa niitumie ile ya ada na minada bila jina lake, kakubali, kaniuliza kama anaweza kuiandika upya kwanza ili na ile iliyofika iwe yake.