Nyota gani ndio kubwa kushinda zote?

fundi_kayole: Wasee, juzi stima zilipotea nikapanda juu ya ploti na kijana wangu, anga ilikuwa safi ajabu, nikamwonyesha Betelgeuse ile nyekundunyekundu nikamwambia hiyo ndio kubwa kuliko zote. Akaniuliza nani alipima. Nisaidieni, ni UY Scuti ama Stephenson 2-18?

mama_wawili: Chukua punje ya mahindi ya upana wa sentimita moja, mwambie hilo ndilo Jua. Betelgeuse itakuwa karibu mita 7.6, inapita urefu wa matatu ya watu 14. VY Canis Majoris ni karibu mita 14, ghorofa nne hivi. Ukiiweka mahali Jua liko inatumeza, inapita hadi njia ya sayari ya Mshtarii (Jupiter). Ananipa raha huyo mtoto, swali lake ndilo lenyewe.

mpenda_anga: Kweli, maana kupima upana kunategemea kujua umbali wa nyota, ukikosea umbali umekosea kila kitu. UY Scuti ilipimwa ikatangazwa 2013 kuwa mara 1,708 ya Jua, baadaye umbali ukarekebishwa ikashuka hadi kama 909. Stephenson 2-18 hutajwa 2,150 lakini umbali wake bado una utata, mimi siipi namba moja. Tena hizi ni gesi nyepesi inayopungua polepole kuelekea nje, hazina ukingo kamili.

fundi_kayole: Na uzito je?

mama_wawili: Betelgeuse haifiki uzito wa Majua 20, imefura tu kama mandazi.

fundi_kayole: Asante sana, leo jioni tunapanda na punje ya mahindi.