Kugawanywa kwa Chuo Kikuu cha Leuven: haki ya lugha au ukabila wa wasomi?

Kalamu ya Mwanzi (mleta mada)

Wadau, kila mjadala wa lugha ya kufundishia ukipamba moto hakosekani mtu wa kutaja Leuven. Hadithi yenyewe mnaijua: Wabelgiji waligombania chuo kikuu hadi wakagawana vitabu vya maktaba kwa namba, witiri huku, shufwa kule, ensaiklopidia ikabaki na juzuu ya 1, ya 3 na ya 5. Tunacheka, tunasema kumbe hata Wazungu wana ukabila, mada inaisha. Mimi leo nimekuja kuwatetea Waflemi, yaani Wabelgiji wasemao Kiholanzi. Mawe yaandaeni.

Chuo kilianzishwa mwaka 1425 kwa hati ya Papa Martin V, mji ukiwa kilomita 25 hivi mashariki ya Brussels. Pale alifundisha Adrian wa Utrecht kabla hajawa Papa Adrian VI. Pale walisoma Mercator, yule wa ramani, na Vesalius aliyepasua maiti ili ajionee mwenyewe mwili ulivyo. Erasmus, msomi mashuhuri wa zama zile, alisaidia kuanzisha pale chuo cha lugha tatu mwaka 1517. Na lugha hizo tatu hazikuwa Kifaransa wala Kiholanzi: zilikuwa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Mihadhara ya chuo ilikuwa ya Kilatini. Kwa hiyo anayesema Kifaransa ndiyo lugha ya asili ya Leuven anatudanganya.

Kifaransa kilikuja baadaye kama lugha ya wakubwa. Ubelgiji ilipojitenga mwaka 1830, serikali, jeshi, mahakama na vyuo vikuu vilizungumza Kifaransa, ingawa raia walio wengi nyumbani walisema Kiflemi, yaani Kiholanzi cha Ubelgiji. Mtoto wa mkulima akitaka udaktari, lugha ya mama yake aliiacha getini. Chuo cha Ghent kilihamia Kiholanzi mwaka 1930, karne nzima baadaye. Leuven wakaweka mafungu mawili: somo moja, wahadhiri wawili, lugha mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpaka wa lugha ukachorwa kisheria na mji ukawa upande wa Kiholanzi. Wakati huohuo viongozi wa fungu la Kifaransa wakawa wanazungumzia Brussels kubwa itakayofika hadi Leuven. Wenyeji walikuwa wameshaiona Brussels yenyewe ikigeuka kutoka mji wa Kiflemi kuwa wa Kifaransa. Wewe ungekaa kimya?

Mei 1966 maaskofu, ambao ndio waliokuwa wenye chuo, wakatangaza kwamba chuo hakigawanyiki. Mjadala ukifungwa kwa amri huhamia barabarani, nao ulihamia kweli. Mwanzoni mwa Februari 1968 askofu De Smedt wa Bruges alisimama hadharani akasema walikosea, na siku chache baadaye serikali ya Paul Vanden Boeynants ikaanguka. Chuo kikagawanywa: fungu la Kiholanzi likabaki, la Kifaransa likahama. Kaulimbiu ya wanafunzi ilikuwa "Walen buiten", yaani Wawaloni, Wabelgiji wasemao Kifaransa, nje. Ni kaulimbiu mbaya, siitetei. Dai lenyewe lilikuwa la haki.

Bibi Shungi

Mwanzi, naomba kutofautiana nawe. Umeipita maktaba kwa kicheko na kidonda kiko hapohapo.

Agosti 1914 askari wa Kijerumani waliichoma maktaba ya Leuven, maandiko ya mkono ya karne nyingi yakawa majivu. Dunia ililia. Mkataba wa Versailles ukaweka kifungu, cha 247, kuilazimisha Ujerumani ilipe vitabu, hati na ramani. Jengo jipya likajengwa kwa michango ya Wamarekani, likafunguliwa 1928. Mei 1940 likaungua tena, vitabu karibu laki tisa. Watu wakaanza upya, mara ya pili.

Vitabu vilivyogawanywa miaka ya 1970 vilikuwa hivyo vya kuchangiwa. Walivitoa watu waliosema tunaipa Leuven. Hakuna aliyesema tunaipa nusu ya Leuven. Moto ulikuja na adui, hilo naweza kulielewa. Kugawana witiri na shufwa walifanya wenyewe, watu waliokuwa wakikutana kanisani kila Jumapili.

Na haki ya lugha, tayari walikuwa nayo. Wewe mwenyewe umesema: wahadhiri wawili, lugha mbili. Kilichobaki kudaiwa ni jirani kuondoka.

Mtunza Rafu

Nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi, niruhusuni kusahihisha jambo moja kabla halijawa dini. Mgawanyo ulifuata namba ya rafu, ile inayobandikwa mgongoni mwa kitabu, na kazi yenye juzuu nyingi hubeba namba moja ya rafu. Kwa hiyo ensaiklopidia ilikwenda upande mmoja nzima nzima. Hadithi ya juzuu ya 1, ya 3 na ya 5 ni tamu lakini si kweli.

Hata hivyo, mgawanyo wenyewe ulikuwepo, na kiutendaji ni balaa. Mkusanyiko wa maktaba hujengwa kwa miaka ili kitabu kimoja kimjibu kingine. Ukiupasua kwa namba, mtafiti anakuta swali huku, jibu limepanda treni.

Mtoto wa Kamalondo

Ndugu zangu, nawasoma kutoka Lubumbashi nikitabasamu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Wakati Waflemi wanalilia Kiholanzi, Leuven ilikuwa imeshazaa mtoto huku kwetu. Mwaka 1954 walifungua Lovanium nje kidogo ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Jina lenyewe ni Leuven kwa Kilatini. Masomo kwa lugha gani? Kifaransa. Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba zilikuwa za sokoni na jikoni. Thomas Kanza alilazimika kwenda Leuven yenyewe, akahitimu 1956, Mkongo wa kwanza asiye padri kufika hapo. Sikumbuki kusikia Mflemi aliyeandamana kudai mhadhara wa Kikongo.

Na linganisheni maandamano. Ya Leuven yaliangusha serikali. Wanafunzi wa Lovanium waliingia barabarani tarehe 4 Juni 1969 kudai posho na hali bora za masomo, wakapigwa risasi. Mwaka 1971 wakalazimishwa kuvaa magwanda ya jeshi, na Mobutu akaviunganisha vyuo vyote vitatu vya nchi kuwa kimoja. Fasihi na sayansi ya jamii zikaletwa huku Lubumbashi, ndiyo maana mwandishi Mudimbe, mwenye udaktari wa Louvain (ndiyo Leuven kwa Kifaransa), alifundisha kwetu. Kwa hiyo mnapojadili kugawa chuo, sisi tunakijua kinyume chake pia: kuunganishwa kwa amri. Mwaka 1981 kikavunjwa tena kuwa vitatu.

Sipo upande wa Bibi wala wa Mwanzi. Ninachosema ni kwamba Mflemi aliijua haki ya lugha mradi ni lugha yake.

Kalamu ya Mwanzi

Mtunza Rafu, juzuu nimezirudisha rafuni, asante. Nimeisimulia hadithi ile miaka kumi, aibu yangu.

Kamalondo, hilo sina jibu lake. Lakini haki haiwi batili kwa sababu aliyeidai alikuwa mchoyo nayo.

Bibi, shikamoo, hapo kwenye jirani sikubali. Hawakutupwa jangwani. Walijengewa mji mzima, Louvain-la-Neuve, wanafunzi wa kwanza wakaingia 1972: magari na treni chini, waenda kwa miguu juu. Tangu Charleroi ya 1666 Ubelgiji ilikuwa haijajenga mji mpya. Kitivo cha tiba kilikwenda Brussels. Mimi nikifukuzwa hivyo nitashukuru!

Bibi Shungi

Marahaba mwanangu. Nyumba nzuri haifuti neno "nje".

Baridi ya Brabant

Habari zenu. Mimi ninasoma Leuven sasa hivi, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na nimechelewa kuiona mada kwa sababu ya mitihani.

Kozi yangu ni ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kiholanzi nakihitaji kwa mwenye nyumba na kwa jirani wa chini, mzee anayenisalimia kila asubuhi na kunisahihisha matamshi. Shahada za kwanza nyingi bado ni za Kiholanzi na sheria inakilinda, ila ngazi ya juu Kiingereza kimeingia bila mtu kurusha jiwe hata moja. Profesa mmoja alituambia, nusu utani, kwamba babu zao walimtoa Mfaransa ili Mwingereza apate nafasi.

Jingine ambalo hamjaligusa ni umri. Mwaka 2025 vyuo vyote viwili viliadhimisha miaka 600, kila kimoja kikijihesabu mtoto wa 1425. Lakini kile cha 1425 Wafaransa walikifuta 1797. Kilichopo kilianzishwa na maaskofu mji wa Mechelen mwaka 1834 na kuhamia Leuven mwaka uliofuata. Nilipolitaja hili kwenye kantusi, ile karamu yao ya nyimbo na bia, niliambiwa ninywe ninyamaze.

Papa Francis alipokuja kwa maadhimisho hayo, Septemba 2024, Ijumaa alikuwa Leuven na Jumamosi akaenda Louvain-la-Neuve. Sherehe moja, hotuba mbili. Na wanafunzi wana mashindano yao ya saa 24: huku wanakimbia kwa kupokezana kijiti, kule wanaendesha baiskeli. Nimekimbia mizunguko mitatu. Mwaka huu nina mpango wa kwenda kule kuazima baiskeli.

Mtunza Rafu

Ukifika kule, pita na maktabani. Angalia kama namba zao bado ni za shufwa peke yake.