Nimelipa 600,000 ya kuprogramu kontroli boksi (kompyuta ya gari), Prado inaondokea gia namba nne!!

Wakuu nimevumilia wiki tatu nikidhani nitamalizana na huyu fundi kiungwana ila leo nimechoka.

Nina Prado yenye enjini ya 1KZ, ilikuja manyuo. Mke wangu kafanyiwa operesheni ya goti la kushoto, klachi hawezi tena, ndo nikaamua nifunge gia boksi ya oto. Nikashuka Dar mwenyewe nikapata ya Toyota Surf yenye enjini hiyohiyo, nikaipandisha Arusha. Kabla sijatoa hata mia nikamuuliza fundi, na kontroli boksi je, maana hii yangu ni ya manyuo? Akasema usijali bosi, hiyo tunaiprogramu kwa laptopu, laki sita tu. Nikampa mkononi.

Juzi nimeipeleka Moshi kwa fundi umeme mwingine akanifungua macho. Kompyuta za 1KZ za miaka ile hazibadilishwi kwa kuchomeka laptopu kwenye soketi, unatafuta kontroli boksi yenyewe ya oto pamoja na waya zake, kwa sababu ya manyuo haina njia ya kuziamrisha solenoidi za gia boksi, zile valvu za umeme zinazobadilisha gia. Na solenoidi zikikosa umeme, ukiweka leva kwenye D inakupa namba nne moja kwa moja, 2 inakupa tatu, moja unaipata ukiweka L. Yani ndo mateso yangu hayohayo! Kupandisha Ilboru naanza na L, napeleka 2, halafu D, sasa mgonjwa wa goti nimemsaidia nini hapo?

Tukalala chini ya gari. Soketi ya gia boksi inaning'inia, imeviringishwa mfuko wa nailoni na kufungwa mpira wa tyubu, haijaungwa popote aisee, POPOTE. Kebo ya throto, ile inayoongeza presha ya oili kwenye gia boksi kadri unavyokanyaga mafuta, kaifunga na waya wa bainding kwenye chasisi. Nikachomoa dipstiki, oili niliyoweka nyekundu kabisa imekuwa kahawia na inanuka kuungua.

Lakini kilichonitoa machozi ni swichi ya P na N, ile inayozuia gari lisiwake mpaka leva iwe P au N, kairuka kwa kipande cha waya ili stata ipige tu. Jumapili mke wangu kawasha gari leva ikiwa R (rivasi), ikarudi nyuma yenyewe mpaka bombani na mwanangu ndo kwanza alikuwa ameinua ndoo kuondoka pale. Ndoo imepasuka. Nikimpigia fundi ananiambia gia boksi niliyoleta ni mbovu!

Jumatatu naipeleka gerejini kwake kwa brekidauni, siiendeshi tena. Nataka laki sita yangu yote na swichi airudishe ilivyokuwa mbele ya macho yangu. Mwenye kontroli boksi ya oto ya 1KZ na waya zake nzima, zisiwe zimekatwakatwa, anicheki.