Kura 20 za Shakopee: uchaguzi ungerudiwa?

Mwana Kitale: Novemba 2024 Kamala alichukua jimbo letu la Minnesota, Marekani, Klobuchar akarudi Seneti, bunge dogo la jimbo likagawanyika 67 kwa 67. Eneo la 54A, Shakopee, Tabke wa DFL (chama cha Democratic cha huku Minnesota) alimshinda Paul wa Republican kwa kura 12 kama sikosei, na kura 20 za mapema zikapotea, inaaminika zilitupwa na takataka. Kenya 2017 tulirudia uchaguzi mzima wa rais. Huku jaji akaupitisha. Hili mnaliona sawa?

Binti Pangani: Ni 14, si 12. Na soma hukumu. Sita kati ya wenye kura hizo 20 waliapa kortini kwamba walimchagua Tabke. Zilizobaki 14 mpe Paul zote, bado Tabke anaongoza kwa 6. Urudie nini? Halafu wengi wanaopiga kelele humu ni watu wa grinikadi, wenye kibali cha kuishi Marekani bila uraia, hata kura hawapigi.

Baba Kerubo: Hapo umenichoma, dada yangu. Mwaka wa 9 huu nina grinikadi na kodi nalipa. Siku ile nilitoka zamu ya usiku nyumba ya wazee, sare bado mwilini, nikampeleka mke wangu kituoni. Alikuwa ameapa uraia Agosti. Alijiandikisha palepale, maana Minnesota inaruhusu siku hiyohiyo, akatoka na stika nyekundu kifuani. Mimi nilimsubiri garini. Unadhani halikuniuma?

Binti Pangani: Sikukutaja wewe.

Baba Kerubo: Ulisema watu wa grinikadi. Ni nani hao kama si mimi? Huku Brooklyn Park nilimpigia kampeni Huldah Momanyi Hiltsley wa DFL mlango kwa mlango hadi viatu vikaisha soli. Mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia bunge lile, na kura yangu haimo.

Jirani wa Duluth: Ukamgongea milango, halafu Januari 2025 yeye na DFL wote wakasusia bunge wiki tatu! Mshahara wa nini?

Baba Kerubo: Wangeingia wafanye nini? Kiti cha DFL cha 40B kilikuwa wazi, Republican walikuwa na 67 kwa 66, na walikuwa wanatishia kumkatalia Tabke kiti chake. Mahakama ya juu ya jimbo yenyewe ilisema akidi, yaani wabunge wa kutosha kufanya kikao, ni 68.

Jirani wa Duluth: Na mwisho Demuth wa Republican akawa spika vilevile.

Mwana Kitale: Jamani, kura 20. Ungekuwa wewe ndiye uliyeipeleka bahasha yako, ikaishia jalalani?

Binti Pangani: Mwana Kitale, hesabu nimeshakupa. Baba Kerubo, mimi nilisubiri uraia miaka 11. Najua kukaa garini.

Baba Kerubo: Basi ungeanza na hilo.