Mzee wetu anaota kuiona Misri, ila hataki kusaidiwa. Tufanyeje?

Kitinda_Mimba:
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kusafiri nje na wazazi.

Mzee wetu alifundisha historia mpaka akastaafu. Tumekua tukimsikia akiwataja mafarao Khufu na Ramses II kana kwamba anafahamiana nao, lakini Misri yenyewe hajawahi kuikanyaga. Sisi watoto tumechangishana twende wote, wazazi na wajukuu. Pesa ipo.

Tatizo ni magoti yake. Hawezi tena mwendo mrefu, na ukitaja kiti cha magurudumu tu anainuka anaondoka. Halafu anashikilia kwamba yeye ndiye wa kusafirisha watoto, si watoto kumsafirisha yeye. Dada anataka tukate tiketi kimya kimya, aambiwe dakika za mwisho. Kaka anataka tuunganishe na Athens na Roma, eti nafasi kama hii haiji tena. Mimi naona yote mawili yatamuumiza. Tunampenda sana na tunajivunia kuwa watoto wake. Tufanyeje asijione mzigo?

Mama_Safari:
Msimfiche, tafadhali. Kuna viza, kuna bima, kuna kumwona daktari kabla ya kupanda ndege. Na kwa mwalimu, nusu ya raha ni kujiandaa. Mkimshtukiza mnamnyima miezi ya kufungua vitabu vyake na kuwasimulia wajukuu wanachokwenda kuona.

Jiwe_la_Msingi:
Mji wa Giza, kwenye piramidi, nimefika na mama yangu mwenye shida hiyohiyo, kwa hiyo naeleza nilichokiona. Kuizunguka Piramidi Kuu kwa nje hakuna shida, mnasogea na gari, mnashuka, mnapumzika. Ndani ni habari nyingine kabisa. Njia ya kupandia ina kimo cha kama mita 1.2, unapanda umeinama, mkono kwenye reli, mgongo unaguna, hewa nzito, na wanaoshuka wanapishana nawe papo hapo. Ukifika juu unakuta chumba cha mawe ya matale na jeneza la jiwe lisilo na kifuniko, tupu. Kuta hazina andiko hata moja. Mzee asiingie, na hatakuwa amekosa kikubwa.

Siku ndefu iwekeni kwenye Makumbusho Makuu ya Misri, palepale karibu na piramidi, yaliyozinduliwa rasmi Novemba 2025. Kuna lifti, na hazina za farao Tutankhamun, vitu zaidi ya 5,000, zimekusanywa hapo. Viti vya magurudumu vinatumiwa na watu wengi kwenye makumbusho makubwa, hakuna anayegeuka kukuangalia.

Mtu_wa_Nyaraka:
Nenda kati ya Novemba na Februari. Luxor majira ya joto hupita nyuzi 40, hata kijana anachoka. Kwenye Bonde la Wafalme, walikozikwa mafarao karibu na Luxor, anzeni na kaburi la Ramses IV, njia yake ina mteremko mdogo. La Tutankhamun lina ngazi 16, na mwili wake bado umo humo.

Kwenye hekalu la Karnak, hapohapo Luxor, mwombeni mzee awaoneshe nguzo ya Taharqa. Huyu alikuwa farao kutoka Kush, ufalme wa kale wa eneo la Sudan ya leo, nasaba ya 25, na kati ya nguzo 10 za banda lake, ni moja tu ambayo bado imesimama. Wajukuu wasikie habari ya wafalme hawa kutoka kinywani mwa babu yao.

Ndugu_Mkweli:
Kitinda Mimba, kaka yako umwambie hapana. Acropolis, kilima cha mahekalu cha Athens, siku hizi ina lifti, sawa, lakini kule juu marumaru inateleza, na mawe ya Roma ya kale hayako sawa hata kidogo. Nchi tatu kwa mpigo ni mbio za viwanja vya ndege. Halafu mjiulize, hiyo orodha ndefu ni ya mzee au ni ya picha zenu?

Mama_Safari:
Kuhusu malipo, mwachieni kitu chake. Sisi baba yetu alilipia viingilio vya wajukuu wote, akawa anashika tiketi mwenyewe mlangoni. Hakuwahi kulalamika tena.

Kitinda_Mimba:
Asanteni sana, nimewasoma wote. Nimeongea na dada, amekubali tusimfiche. Jioni nimempelekea mzee daftari na ramani, nikamwomba atupangie ratiba kwa sababu sisi hatujui tuanzie wapi. Amekaa kimya kidogo, kisha akauliza kama Abu Simbel tutafika. Akaanza kunieleza jinsi hekalu lile lilivyokatwa vipande na kuhamishwa mahali pa juu zaidi kati ya 1964 na 1968 ili lisizame kwa maji ya bwawa la Aswan.

Habari ya kiti bado sijaigusa. Kaka naye bado anang'ang'ania Roma. Aliyewahi kwenda Abu Simbel kwa barabara kutoka Aswan, mzee ataihimili, au tutafute ndege?

Jiwe_la_Msingi:
Ni kama kilomita 280 kwenda tu. Kwa magoti hayo, chukueni ndege.