Msikiti wa Süleymaniye, Istanbul: kuba lote lile limebebwa na nini?

Mwashi wa Pwani
Habari za jioni wakuu. Mwezi ujao naunganisha ndege Istanbul na nitakuwa na siku nzima ya kuzunguka, nimeamua niende Süleymaniye. Mimi ni fundi ujenzi na kuna kitu kinanisumbua. Kuba la pale lina upana wa mita 26 na ushee, kileleni ni kama mita 53 kutoka sakafuni, na limejengwa kati ya 1550 na 1557, hakuna nondo wala zege kama hili letu. Sasa kila fundi anajua kuba halikandamizi chini tu, linasukuma kuta kwenda nje. Lakini nikiangalia picha za ndani naona nguzo nene nne tu na pameachia kweupe kabisa, na nje sioni zile kuta nzito za kuegemeza kama za Hagia Sophia, lile kanisa la kale la hapo hapo Istanbul lililogeuzwa msikiti. Huo msukumo Sinan, msanifu aliyeujenga, kaupeleka wapi? Waliofika naomba mnielekeze nikasimame wapi nione.

Mwanafunzi_Fatih
Karibu sana mkuu, mimi nipo huku kimasomo na huo msikiti ndio naswalia Ijumaa nyingi. Hizo kuta za kuegemeza zipo, ila Sinan kazificha. Upande wa kibla na upande wa mlango mkuu kuba linaegemea nusu kuba mbili, kila moja inapokea msukumo na kuushusha kwa vikuba vidogo mpaka ukutani. Shida ilikuwa pande mbili zilizobaki, kulia na kushoto, maana pale hakuna nusu kuba, kuna tao kubwa na ukuta uliojaa madirisha. Kwa hiyo pale kaweka viegemezo vizito vya mawe halafu akavipitisha katikati ya ukuta, nusu vipo ndani nusu vipo nje. Kwa ndani kavizungushia roshani, kwa nje kaweka baraza za ghorofa mbili zenye matao, jicho linaona baraza halioni kiegemezo. Ukifika zunguka ubavuni kwenye mabomba ya kutawadhia, yapo chini ya hizo baraza, ukikaa pale kutawadha ukigeuka pembeni hiyo minofu ya mawe inayotokeza ndiyo yenyewe, weka mkono kabisa. Halafu tazama juu penye pembe za kuba utaona vijinara vizito vimekaa juu ya nguzo nne, ule uzito ni wa makusudi, unakandamiza nguzo chini zisilale nje.

Abu Rajab
Ahsante kwa maelezo mdogo wangu lakini tuseme ukweli, ramani ile ni ya Hagia Sophia. Kuba moja katikati, nusu kuba mbili, Warumi walishafanya mwaka 537, tena kuba lao ni mita 31. Sinan kakopi.

Mwanafunzi_Fatih
Shikamoo mzee wangu. Mpango wa juu kweli kauchukua kule na hilo halina ubishi, lakini ingia ndani ya yote mawili uone. Hagia Sophia pembeni pamezibwa na safu za nguzo chini na roshani juu, ukiwa ubavuni huoni kuba. Süleymaniye kila upande kaweka nguzo mbili tu kubwa za mawe kati ya zile nene, na ubavuni kafunika kwa kuba tano, kubwa ndogo kubwa ndogo kubwa, hivyo popote ulipokaa kwenye safu unamuona imamu na unaliona kuba. Msikiti unataka watu wakae safu ndefu za kwenda pembeni, ile ramani ya kanisa ilikuwa inawagawa. Na lile kuba la kwanza la Hagia Sophia lilianguka 558. Miaka ya 1570 aliyepewa kazi ya kuiimarisha Hagia Sophia na kuiongezea viegemezo ni huyu huyu Sinan. Mtu wa kukopi tu hapewi kazi hiyo.

Kingine, linganisha na msikiti wa Sultan Ahmed uliokuja baadaye, 1609 mpaka 1616 hivi. Kuba la pale ni dogo zaidi, mita 23 na nusu, lakini nguzo zake zina kipenyo cha mita 5, ukikaa nyuma yake umekaa nyuma ya ukuta. Ndio maana mimi nasema Mwashi kachagua vizuri.

Mama Nasra
Naomba niongeze kwenye historia maana watu wanaona kuba tu. Sultan Suleiman hakujenga msikiti peke yake, ule ni wakfu mzima, madrasa, hospitali, hamamu, nyumba ya wasafiri, na jiko la kulisha watu. Daftari za hesabu za ujenzi zimebaki mpaka leo na zinaonyesha mafundi karibu nusu yao walikuwa Wakristo, wamelipwa mshahara wao kama wenzao. Baadhi ya zile nguzo kubwa za mawe zilitafutwa mbali, moja ilitoka Alexandria kule Misri na nyingine Baalbek kule Lebanoni, hebu fikiria kuivusha bahari jiwe moja refu namna ile bila kulivunja.

Na mimi kinachonigusa zaidi ni masizi. Zamani ndani zilikuwa zinawaka taa za mafuta nyingi sana, na moshi wa namna hiyo ungeshaharibu maandishi yote ya kuta. Sinan akapanga hewa ivutwe kuelekea juu ya mlango mkuu, kuna chumba pale, masizi yalikuwa yanatua humo, halafu yanakusanywa na kutengenezwa wino wa waandishi. Ukitoka geuka utazame juu ya mlango, vitundu vinaonekana.

Mwashi wa Pwani
Ma sha Allah, nimepata nilichotaka na zaidi. Swali la mwisho, matetemeko? Mji ule unatikiswa sana.

Mwanafunzi_Fatih
Umeumia mkuu, tusiseme haujaguswa. Moto wa 1660 uliuharibu, tetemeko la 1766 likaangusha sehemu ya kuba, na vita vya kwanza vya dunia ua wake uliwekwa silaha ukashika moto tena. Lakini mifupa yake ni ile ile. Mawe yalifungwa kwa vyuma na kumiminiwa risasi iliyoyeyushwa, ile risasi ni laini, jiwe linapata kucheza kidogo bila kupasuka.

Kufika ni rahisi, kutoka uwanja wa ndege panda treni ya metro ya M11 mpaka Gayrettepe, ingia ya M2 ushuke Vezneciler, unatembea kidogo tu. Usifike wakati wa swala kama unataka kuzunguka na kamera. Njaa ikikubana, mbele ya msikiti kuna safu ya vibanda vya maharage meupe na wali. Na kaburi la Sinan lipo kwenye kona ya barabara nje ya ukuta wa msikiti, dogo sana, wengi wanalipita bila kujua, msomee Fatiha.