Kampuni inayoyumba imetoa simu janja: ninunue au niache?

Mleta uzi: Wakuu, kampuni ya kamera yenye jina la zamani, inayopata hasara, imeingia kwenye simu janja wakati wenzake wamekomaa sokoni. RAM GB 8, hifadhi GB 256. Hofu yangu ni masasisho na vipuri. Nikague nini?

FundiVioo: Mkuu, uliza kwanza nani ameiunda. Kodak, kampuni ya kamera, iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Simu ya IM5 iliyotoka 2015 ikiwa na nembo yake ilitengenezwa na Bullitt Group ya Uingereza. Jina hukodishwa tu. Mkataba ukiisha, simu inabaki yatima.

Kitakachokutesa ni kioo. Cha simu nyingine chenye inchi zilezile hakiingii: flekisi (utepe wa nyaya unaounganisha kioo na simu) ina pini tofauti, na hata ikishika, programu haiitambui IC (chipu) ya kioo, unapata mwanga bila picha. Chukua namba ya modeli, siyo jina la kibiashara, uwaulize wauza vipuri kioo, betri na sehemu ya chaji. Kioo kikikosekana, acha.

Mdau_Programu: Naongezea. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, uone tarehe ya sasisho la usalama. Viraka vya Android, yaani marekebisho ya usalama, hutoka mara kwa mara. Simu mpya iliyo nyuma miezi 4 haitaharakishiwa masasisho baadaye. Kisha fungua Play Store, mipangilio, Kuhusu, usome hali ya Play Protect (ulinzi wa Google). Kama kifaa hakijaidhinishwa, programu za benki zinaweza kugoma.

Mleta uzi: Na kama ina mfumo wake yenyewe, siyo Android?

Mdau_Programu: Hiyo usiiguse kabisa. HP, kampuni ya kompyuta, iliinunua kampuni ya simu ya Palm 2010 kwa dola bilioni 1.2, na Agosti 2011 ikatangaza kuachana na vifaa vya webOS, mfumo wa Palm. Tableti yake ya TouchPad ilikuwa na wiki 7 tu sokoni. BlackBerry 10, mfumo wa simu za BlackBerry, ilikuja 2013, iPhone na Android zikiwa zimeshatawala. Januari 4, 2022 huduma zake zilizimwa, hata kupiga simu na kutuma SMS kukawa hakuna uhakika.

Hesabu_Kwanza: Kuchelewa peke yake si kosa, Xiaomi ilitoa simu ya kwanza 2011. Tatizo ni kuchelewa bila akiba. Chukua taarifa ya fedha ya robo mwaka, gawanya fedha taslimu kwa kiasi kinachoteketea kila robo. Ukipata chini ya 8, ahadi ya masasisho ya miaka 2 haina mlipaji.

Mleta uzi: Nimewaelewa wakuu. Naanza na namba ya modeli.